Pointi moja ya Saint-Denis: kwa nini Nyuzilandi bado inauma vidole na Afrika Kusini bado inacheza

Kwenye nganda za Lubumbashi, kila mara raga inapoonyeshwa, kuna swali halikosi kurudi: "Yaya, bale benye baliingiza mupira, njo balipoteza? Namna gani?" Swali ni la haki. Usiku wa fainali ya Kombe la Dunia la raga, tarehe 28 Oktoba 2023, kwenye Stade de France huko Saint-Denis, Nyuzilandi ndiyo timu pekee iliyoufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwenzake na kuugusisha chini. Afrika Kusini haikufika huko hata mara moja, na kipindi cha pili kizima haikuongeza pointi yoyote. Hata hivyo ubao ulisomeka 12 kwa 11, na Kombe la Dunia likaenda Afrika Kusini kwa mara ya nne, baada ya 1995, 2007 na 2019.

Mtu aliyekuzwa na mechi za Mazembe na Lupopo amezoea kuhesabu ushindi kwa kitu kimoja tu, bao. Raga ina mafungu manne ya pointi, na asiyeyajua hawezi kuelewa kwa nini watu wazima Auckland walikaa kimya asubuhi nzima, wala kwa nini Soweto haikulala. Nyuma ya hesabu kuna jambo zito zaidi, nalo ni historia ya jezi. Tuanze na hesabu, maana hasira nyingi za mashabiki zinazaliwa humo.

Kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari, jambo ambalo watangazaji wa Kifaransa wanaliita esai, kunaleta pointi 5. Baada ya esai timu inapata nafasi ya kupiga mpira upite juu ya mti wa katikati, ndani ya milingoti miwili, kwa pointi 2 zaidi. Hiyo ndiyo transfomasio. Sharti lake ni kwamba mpigaji arudi nyuma kwa mstari ulionyooka na pale mpira ulipogusishwa. Ukigusishwa katikati, pigo ni rahisi. Ukigusishwa pembeni kabisa, mpigaji anasimama karibu na mstari wa pembeni, na milingoti inaonekana nyembamba kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Penalti inaleta pointi 3. Pigo la kudondosha mpira na kuupiga unapodunda, mchezo ukiwa unaendelea, nalo ni 3.

Penalti ndiyo ufunguo. Katika soka penalti ni tukio, katika raga ni chakula cha kila siku. Mchezaji akisimama mbele ya mstari wa mpira, akishika mpira akiwa amelala chini, akiivunja mele (ule msukumano wa watu walioinama na kufungana) au akimkaba mtu juu ya mabega, mwamuzi anainua mkono. Kapteni aliyekosewa anachagua: kupiga kwenye milingoti, kuutoa mpira nje ili timu yake irushe yenyewe karibu na mstari wa adui, kuomba mele, au kuanza haraka kwa mguu. Timu yenye mpigaji mzuri inaweza kuishi kwa makosa ya wengine. Inapiga mpira juu sana, inaukimbilia, inambana adui katika nusu yake hadi akosee mahali ambapo mguu unafika. Ndivyo Afrika Kusini ilivyofanya. Handré Pollard alipiga penalti nne katika kipindi cha kwanza, zote zikaingia: 12. Richie Mo'unga akajibu kwa mbili: 6. Kipindi cha pili Beauden Barrett akaleta esai: 11. Pigo la transfomasio lilikuwa la pembeni, na Mo'unga akalikosa.

Mele nayo tuitazame kwa karibu, maana ndiko mwenye macho ya soka anakopotea. Watu wanane kwa wanane wanainama na kufungana, wale watatu wa mbele, namba 1, 2 na 3, wakiingiza vichwa kati ya vichwa vya wenzao. Mwamuzi anatoa amri tatu: inameni, shikaneni, ingieni. Kinachoharibika ni kidogo sana kwa macho: kiwiko cha namba 1 kinashuka, goti linagusa nyasi, au namba 3 anasukuma kwa kona badala ya kunyoosha. Mele inaanguka, na mwamuzi lazima aseme nani aliyeiangusha, wakati yeye amesimama upande mmoja tu. Kwenye nusu fainali dhidi ya Uingereza, zikiwa zimebaki dakika chache, mele ya namna hiyo iliipa Afrika Kusini penalti karibu mita 50 kutoka kwenye milingoti. Pollard akaipiga: 16 kwa 15. Waingereza wanaijadili mele hiyo hadi leo, na kusema kweli hakuna kamera inayoweza kuimaliza hoja yao.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawakuliona. Pollard hakuwa kwenye orodha ya kwanza ya kikosi. Aliitwa Septemba, baada ya Malcolm Marx, mchezaji namba 2, kuumia mazoezini. Makocha walimtoa namba 2 wakaingiza mpiga mpira, wakabaki na namba 2 mmoja tu wa kweli, Bongi Mbonambi. Kwenye fainali, dakika ya pili tu, Shannon Frizell wa Nyuzilandi alimwangukia Mbonambi mguuni. Frizell alipata kadi ya njano, Mbonambi akatoka na hakurudi. Mahali pake akaingia Deon Fourie, mwenye miaka 37, ambaye kazi yake ya siku zote ilikuwa pembeni mwa mele. Namba 2 ndiye anayerusha mpira unapotoka nje, kuelekea kwa mrukaji anayeinuliwa na wenzake wawili. Mrushaji akichelewa hata nusu sekunde, mrukaji ameshaanza kushuka. Safu ya Afrika Kusini ya kupokea mrusho huo ikayumba mechi yote. Kwa hiyo shabiki wa Nyuzilandi anaposema "tulikuwa wachache, lakini tulicheza vizuri kuliko wao," sababu moja ni hiyo.

Uchache wenyewe ulitokana na kadi, na hapa ndipo moto ulipowaka. Njano inamweka mchezaji nje dakika 10. Siku hizi kosa la kugusa kichwa linapelekwa kwa afisa anayekaa mbele ya skrini, naye ana dakika 8 za kuamua kama njano ibaki njano au igeuke nyekundu. Anajiuliza maswali kwa mpangilio: kichwa kimeguswa? Hatari ilikuwa kubwa kiasi gani? Kuna kilichopunguza kosa, kwa mfano mwenye mpira kuinama ghafla? Kapteni wa Nyuzilandi, Sam Cane, alimkaba Jesse Kriel akiwa amesimama wima, bega likampata kichwani. Hakukuwa na cha kupunguza. Kadi ikageuka nyekundu, ya kwanza katika fainali ya Kombe la Dunia la wanaume, na Nyuzilandi ikacheza na watu 14 kwa zaidi ya dakika 50. Mwanzoni mwa kipindi cha pili kapteni wa Afrika Kusini, Siya Kolisi, alimgonga Ardie Savea kichwa kwa kichwa. Akapata njano, afisa akatazama, hatari ikaonekana ya chini, njano ikabaki njano.

Makapteni wawili, makosa mawili ya kichwa, usiku mmoja, hukumu mbili tofauti. Ukitazama picha polepole unaona tofauti: Cane aliingia kwa kasi na hakushusha kiuno hata kidogo. Kwa maoni yetu hukumu zote mbili zinasimama. Lakini shabiki hatazami polepole. Anatazama mara moja, roho ikiwa juu, na hicho alichokiona anakibeba maisha yake yote.

Halafu ikaja video. Kabla ya esai ya Barrett, Aaron Smith alikuwa ameshaugusisha mpira chini na Nyuzilandi imeshaanza kukumbatiana. Mwamuzi wa video akarudisha picha hadi kwenye mrusho wa pembeni, akaonyesha kwamba mpira ulimponyoka Savea ukaenda mbele. Ni kosa, na esai ikafutwa. Malalamiko ya Nyuzilandi hayasemi kwamba kosa halikuwepo. Yanasema kanuni ya wakati ule iliruhusu kurudi nyuma awamu mbili tu za mchezo kwa kosa la aina hiyo, na kwamba kosa hilo lilikuwa nyuma zaidi. Hoja hiyo ina uzito wa kisheria, na anayewaita Wanyuzilandi watoto wasiokubali kushindwa hajaisoma kanuni.

Dakika ya 73 Cheslin Kolbe aliugonga mpira kwa makusudi, akapata njano, akakaa kitini akiwa amejifunika uso kwa jezi yake, kwa sababu dakika 10 zilikuwa nyingi kuliko muda uliobaki. Jordie Barrett akachukua penalti kutoka karibu mita 50. Ingeingia, ingekuwa 14 kwa 12. Mpira ukapita kando.

Basi shabiki wa Nyuzilandi ana "kama" nyingi: kama transfomasio, kama penalti ile, kama esai ya Smith, kama Cane. Shabiki wa Afrika Kusini ana jibu moja: Pieter-Steph du Toit alikaba mara 28 usiku ule, na timu iliyobaki na pointi 12 kwa dakika 40 za pili ililinda kile ilichokuwa nacho. Vita vya maneno vikawa vikali kupita kiasi. Siku chache baadaye mwamuzi Wayne Barnes alitangaza kustaafu, na Tom Foley, aliyekaa kwenye video, akaacha mechi za kimataifa akieleza mzigo wa matusi aliyopata. Hapo ushabiki ulikuwa umevuka mpaka. Mwamuzi wa video hakumponyosha Savea mpira.

Wafaransa nao walikuwa na kidonda chao. Kwenye robo fainali, tarehe 15 Oktoba, walipoteza 29 kwa 28. Thomas Ramos alipokuwa anaanza kukimbia kupiga transfomasio, Kolbe alitoka mstarini kama risasi na kuuzuia mpira kwa mwili. Sheria inaruhusu: mpigaji akianza tu kuusogelea mpira, wapinzani walio kwenye mstari wao wanaweza kumkimbilia. Pointi 2 zilikufa pale, na mechi ikaisha kwa tofauti ya moja. Kapteni Antoine Dupont alilalamikia kiwango cha uamuzi, na mwamuzi huyo, Ben O'Keeffe kutoka Nyuzilandi, akazomewa uwanjani kwenye nusu fainali, mechi ambayo Ufaransa haikuwemo. Robo, nusu na fainali, zote kwa pointi moja moja. Kila nchi iliyotolewa ilibaki na hesabu yake ya "kama".

Jambo hili linaigusa Lubumbashi moja kwa moja. Anayefuata raga kwa watangazaji wa Kifaransa amesikia habari ya robo fainali ikisimuliwa kwa sauti ya aliyeibiwa. Anayefuata kwa Kiingereza cha Johannesburg amesikia habari ya mashujaa. Wakikutana meza moja hawagombani juu ya mechi. Wanagombana juu ya masimulizi mawili, na kila mmoja anafikiri mwenzake hakuangalia.

Jezi sasa. Nchi hizi mbili zilikutana mara ya kwanza mwaka 1921 kule Dunedin, na kwa miongo mingi kila moja ilijipima kwa mwenzake. Lakini jezi ya kijani ya Springboks, kama inavyoitwa timu ya Afrika Kusini, ilikuwa jezi ya utawala wa ubaguzi. Mwaka 1960 Nyuzilandi ilikwenda Afrika Kusini bila Wamaori wake, wenyeji wa asili wa visiwa vile, kwa sababu Afrika Kusini haikuwataka. Mwaka 1970 Wamaori waliruhusiwa, kwa kupewa cheo cha "weupe wa heshima". Mwaka 1976 Nyuzilandi ilikwenda tena, wakati damu ya wanafunzi wa Soweto waliouawa kuanzia Juni 16 haijakauka. Zaidi ya nchi 20 za Afrika zikasusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu Nyuzilandi haikufukuzwa.

Mwaka 1981 Springboks walikwenda Nyuzilandi, na nchi ile ya utulivu ikapasuka katikati. Tarehe 25 Julai, mjini Hamilton, waandamanaji walivunja uzio wakajipanga katikati ya uwanja, mechi ikafutwa. Septemba 12, kwenye Eden Park mjini Auckland, ndege ndogo ilizunguka juu ya uwanja ikidondosha mifuko ya unga wachezaji wakiwa wanacheza, na mfuko mmoja ukampiga mchezaji wa Nyuzilandi. Familia ziligawanyika: baba uwanjani, binti barabarani na kofia ya pikipiki kichwani akijikinga na virungu vya polisi.

Upande wa pili wa bahari kulikuwa na jambo ambalo mgeni hawezi kulikisia. Watu weusi na machotara wa Cape Town, waliotengewa sehemu yao kwenye uwanja wa Newlands, waliishangilia Nyuzilandi. Kumshangilia mgeni kulikuwa njia ya kusema kwamba timu ile ya nyumbani si yetu. Baba alimrithisha mtoto, na hadi leo Cape Town ina mashabiki wa jezi nyeusi ya Nyuzilandi waliozaliwa baada ya ubaguzi kufa. Usiku wa 2023 baadhi yao waliumia pamoja na Auckland. Kuwaita wasaliti ni kutojua walikotoka.

Tarehe 24 Juni 1995, kwenye Ellis Park mjini Johannesburg, Nelson Mandela alitokea amevaa jezi hiyohiyo ya kijani, namba 6 ya kapteni François Pienaar. Afrika Kusini ilishinda 15 kwa 12 katika muda wa nyongeza, kwa pigo la kudondosha la Joel Stransky. Nyuzilandi ilibaki na lalamiko lake: wachezaji wake wengi waliugua tumbo siku chache kabla ya mechi, na benchi lake likadai wametiliwa kitu katika chakula. Haikuthibitishwa kamwe, lakini inasimuliwa bado. Kwenye kikosi cha siku ile kulikuwa na mchezaji mmoja tu asiye mweupe, Chester Williams. Miaka 28 baadaye, aliyenyanyua kombe Saint-Denis alikuwa Kolisi, mtoto wa Zwide, kitongoji cha Gqeberha, aliyezaliwa tarehe 16 Juni, siku ileile ya Soweto. Kwa hiyo Waafrika Kusini walipofurika barabarani kulipokea kombe, na Rais Ramaphosa alipotangaza tarehe 15 Desemba 2023 kuwa siku ya mapumziko, watu walikuwa wanasherehekea zaidi ya penalti nne. Jezi iliyomkataa babu ilikuwa imevaliwa na mjukuu akiwa kapteni.

Lubumbashi haiko mbali na habari hii. Malori ya Johannesburg na Durban yanapanga foleni Kasumbalesa, vipuri vya migodi vinatoka huko, na familia nyingi zina ndugu Yeoville au Cape Town. Ndiyo maana wako wanaosema ushindi wa Springboks ni ushindi wa Afrika, nasi pia. Wako pia wasioweza kushangilia, kwa sababu mwaka 2008, na mara nyingine baadaye, wageni wa Kiafrika walipigwa na kuchomewa mali katika miji ileile inayocheza barabarani. Wote wawili wana haki ya kukaa meza moja. Na anayetafuta jina la kwake katika mchezo huu analo: Yannick Nyanga, aliyeichezea Ufaransa Kombe la Dunia la 2007, alizaliwa Kinshasa, Madosh Tambwe, winga aliyewachezea Bulls wa Pretoria na kisha Bordeaux, naye ni wa Kinshasa, akakulia Afrika Kusini.

Tangu fainali ile utani umepanda. Mwaka 2024 Afrika Kusini iliifunga Nyuzilandi nyumbani mara mbili, 31 kwa 27 na 18 kwa 12. Septemba 2025 Nyuzilandi ilishinda 24 kwa 17 kwenye Eden Park, mahali ambapo haijafungwa tangu 1994, halafu wiki moja baadaye mjini Wellington ikapigwa 43 kwa 10, kipigo kikubwa kuliko vyote katika historia yake. Tarehe 4 Oktoba Afrika Kusini ikachukua ubingwa wa mataifa manne ya kusini kwa kuifunga Argentina 29 kwa 27 mjini London. Angalia tofauti ya mapokezi. Baada ya Wellington mashabiki wa Nyuzilandi hawakumtaja mwamuzi, walimtaja kocha na mele yao. Tofauti ya pointi 33 haiachi nafasi ya "kama". Tofauti ya moja inaacha nafasi kwa kila mtu.

Sheria ya kadi nayo imebadilika katika mashindano hayo ya kusini: nyekundu sasa inamtoa mchezaji moja kwa moja, lakini baada ya dakika 20 timu inaruhusiwa kuingiza mwingine. Kwa kanuni hiyo Nyuzilandi ingekuwa tena na watu 15 mapema kipindi cha pili kule Saint-Denis. Ukisikia Mnyuzilandi akisema walinyimwa kombe, muulize anazungumzia kadi au video, kwa sababu kadi ilitolewa kwa sheria ya siku ile, na video ndiyo yenye hoja.

Kwa mwaka 2026 imepangwa ziara ndefu ya Nyuzilandi: mechi tatu kubwa Afrika Kusini na ya nne Baltimore, Marekani. Zile tatu zinafuata saa ya Johannesburg, ambayo ndiyo saa ya Lubumbashi. Anayetaka kuelewa asikae akisubiri esai. Amtazame namba 2 anaporusha, kiwiko cha namba 1 kwenye mele, na urefu wa kiuno cha anayekaba.